Mtoto wa Chini ya Kilima

Jumatatu, 27 Oktoba 2003

Miezi ya majaribio imekwisha. Douglas, mkuu wa ofisi, amesema nitabaki hadi Juni mwakani. Nilimshukuru mara mbili, ya pili bila sababu.

Ofisi yetu ni ya klabu ya wazee wa Kiayalandi hapa Holloway, London. Wanakuja kula chakula cha mchana, kucheza bingo, na kulalamikia chakula. Sasa klabu imepata ufadhili wa kurekodi masimulizi yao kabla hawajatutoka. Douglas anawahoji, mimi nasikiliza kanda na kuandika muhtasari kwenye kadi: jina la msimuliaji, alikozaliwa, jambo analosimulia, na mwishoni, kama aliliona kwa macho yake au alilisikia.

Naandika daftari hili kwa Kiswahili. Douglas hakisomi, na nyumbani tantine, ndivyo tunavyomwita mama mdogo, hasomi kitu kisichokuwa Biblia au barua ya Home Office, wizara ya mambo ya uhamiaji.

Ijumaa, 31 Oktoba

Watoto wa mtaani kwetu, Tottenham, walipita na vinyago wakigonga milango. Tantine Sidonie alizima taa za mbele, tukakaa jikoni kama watu wasiokuwepo. Yeye ni mdogo wake mama. Ndiye aliyenipokea nilipotoka Nairobi, na chumba ninacholala ni chake. Myriam, mtoto wa marehemu kaka yake, aliomba kinyago. Tantine akasema vinyago ni vya shetani. Myriam, kwa Kiingereza kama kawaida yake, akasema mwalimu wake amevaa kimoja leo na yeye si shetani, anafundisha hesabu.

Nilicheka. Tantine hakucheka.

Kazini wazee wanasema usiku huu wa Halloween ni wa kwao, Waingereza na Wamarekani wameuazima tu. Kwao mwaka wa zamani ulikuwa unakufa leo, na walio chini ya ardhi waliweza kutoka. Watu waliacha chakula mezani na hawakufunga mlango kwa komeo.

Alhamisi, 6 Novemba

Bi Attracta ana miaka themanini na kitu. Alikuwa mpishi wa shule, na anaongea kama anayemenya viazi, haraka na bila kutazama mikono. Leo amesimulia habari ambayo Douglas anasema watawa waliiandika vitabuni karne nyingi zilizopita. Hapo kale Ireland ilikuwa na watu wengine, wazuri, wenye elimu za siri. Wakaja wageni kwa merikebu, wakawashinda vitani. Ikaamuliwa nchi igawanywe nusu kwa nusu: washindi wakachukua nusu ya juu, walioshindwa wakapewa nusu iliyo chini ya ardhi. Tangu hapo wanaishi ndani ya vilima.

"Kama halmashauri inavyogawa nyumba," alisema Bi Attracta. "Ukifika mwisho kwenye foleni, unapewa chumba kisicho na dirisha."

Hawatajwi kwa jina lao. Wanaitwa watu wema, ili wasikasirike. Nilifikiri sana niwaite nani kwa Kiswahili. Nikisema majini nitakuwa nimewapa dini isiyo yao. Nimewaandika watu wa chini ya kilima.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Kadi tu.

Jumatano, 19 Novemba

Kanda ya leo ni ya watoto waliobadilishwa. Watu wa chini ya kilima hupenda watoto wa wanadamu. Humchukua aliye mzuri na kuacha wa kwao mahali pake, kizee kilichojifanya mtoto. Ndiyo maana, anasema Bi Attracta, ukimsifu mtoto lazima umalizie kwa kusema Mungu ambariki. Ndiyo maana koleo la chuma liliwekwa juu ya kitanda cha mtoto mchanga. Ndiyo maana wavulana walivalishwa magauni, ili wasitamaniwe.

Aliyebadilishwa hujulikana hivi: anakula sana na hanenepi. Analia usiku. Anasema maneno makubwa kuliko umri wake. Na tangu aje, nyumba haina bahati.

Mama mmoja alichemsha maji ndani ya maganda ya mayai. Kile kiumbe kikajisahau, kikacheka, kikasema kimeuona msitu ukiwa mbegu lakini hakijawahi kuona mtu akipikia ganda la yai. Kilipojifichua hivyo, mtoto wa kweli akarudishwa. Douglas alicheka sana kwenye kanda. Mzee mwingine akaongeza dawa nyingine, majani yenye sumu na chuma cha moto. Niliandika: alisikia.

Jumapili, 23 Novemba

Nimefanya kosa na sijui ukubwa wake.

Tantine ameachishwa kazi ya usafi Stratford, ile ya alfajiri. Myriam alikojoa kitandani tena. Pasta Magloire alikuja kula nasi baada ya ibada. Sisi nyumbani tuna desturi: mambo yetu yakiwa mazito, tunasimulia ya wengine. Kwa hiyo nikasimulia habari za kazini, mtoto aliyebadilishwa na maganda ya mayai. Nilidhani watacheka kwamba hata Wazungu walikuwa na upuuzi huu.

Pasta aliweka kijiko chini. "Walimjuaje?"

Nikataja ishara. Nilipofika kwenye mtoto anayekula na hanenepi, nilimwona tantine akigeuka kumtazama Myriam, na ningeweza kunyamaza pale. Sikunyamaza. Pasta alikuwa ameuliza, na mimi nimezoea kumaliza kadi.

"Unaona?" tantine alimwambia Pasta kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Hata bazungu banajua."

"Walijua zamani, tantine. Siku hizi ni hadithi tu."

"Wewe unasema kama redio. Radio Nairobi." Kisha kwa Pasta: "Miye nilisema tangu mwanzo. Ile mtoto imefika, na mlango zote zimefungwa."

Pasta aliuliza walifanya nini ili mtoto wa kweli arudi. Nikasema maganda ya mayai.

"Na kingine?"

Nikasema chuma.

"Na kingine, binti yangu?"

Nikasema moto. Myriam alikuwa anamenya chungwa. Anaelewa Kiswahili chote, ila hapendi kukitumia kujibu. Alilimenya lote na hakulila.

Jumanne, 25 Novemba

Baridi. Hakuna kilichosemwa nyumbani. Labda wamesahau.

Jumapili, 30 Novemba

Hawajasahau. Kanisa letu lipo juu ya duka la matairi, na leo harufu ya mpira ilikuwa kali. Pasta alihubiri kwamba kuna watoto wanaoingia nyumba za watu ili kuzila kwa ndani. Akasema wapo wanaodai hii ni imani ya Kongo, imani ya porini. "Lakini tuna binti msomi kanisani humu, anafanya kazi na Wazungu, na amesoma kwenye vitabu vyao kwamba wao walijua haya kabla yetu."

Vichwa viligeuka. Mama mmoja alinishika mikono yote miwili na kunishukuru. Mtoto wake wa kiume anaumwa, alisema, na sasa anajua aanzie wapi.

Nilitabasamu. Hilo ndilo nililofanya, nilitabasamu.

Jumatatu, 8 Desemba

Myriam hali tena pamoja nasi. Tantine anasema ni mfungo wa maombi, mfupi. Mtoto anakula shuleni mchana, na mimi nampa mkate bafuni. Anaula akiwa amesimama, anauliza kama maji yakiendelea kutiririka tantine hatasikia.

Nilipokuwa nabadilisha shuka zake niliona koleo la kuchomea nyama chini ya godoro. Nililirudisha kabatini. Jioni lilikuwa limerudi chini ya godoro.

Jumatatu, 15 Desemba

Nilijaribu. Tantine alikuwa anapiga pasi sare ya kazi aliyobaki nayo, ya kutunza wazee. Nikasema, "Tantine, yule ni mtoto tu. Amefiwa na baba na mama. Mtoto wa namna hiyo anakojoa."

"Nani alileta habari humu ndani? Ni miye?"

"Ni mimi. Nilikosea."

"Hukukosea. Mungu ametumia mdomo yako." Aligeuza sare upande wa pili. "Na usiende kuzungumza na watu wa serikali. Bakifika hapa, bataangalia karatasi zetu zote. Zangu na zako. Baturudishe wote, wewe mbele."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha kuchukua mwavuli. Kibali changu cha kuishi hapa kinaisha mwezi wa nane. Nililala nikihesabu ni nani anaweza kuniandikia barua ya kuniombea, na nikamkosa mtu yeyote asiyemjua tantine.

Alhamisi, 18 Desemba

Baada ya chakula nilikaa na Bi Attracta. Alikuwa anachovya biskuti kwenye chai, nazo zinamdondokea humo.

Nilimuuliza, "Mtoto wa kweli alikuwa anarudi?"

"Kwenye hadithi, ndiyo."

"Na nje ya hadithi?"

Alifuta kidole. "Bibi yangu alimwona mmoja, jirani yao. Msichana, na bibi alikuwa mdogo kama yeye. Yule mtoto alikuwa anakohoa na kukonda, na ng'ombe wao alikuwa amekufa, basi wakaamua. Walimweka nje juu ya sepetu usiku wa baridi kali, ili watu wa chini ya kilima waje wamchukue na kumrudisha mtoto wa kweli. Asubuhi alikuwa pale pale."

"Alikuwa amepona?"

"Alikuwa amekufa, mwanangu. Na alikuwa yule yule. Bibi alimtambua kwa kovu la paji la uso, alianguka naye wakicheza. Alikuwa yule yule tangu mwanzo, ila alikuwa na kifua." Alitafuta biskuti nyingine. "Bibi hakupenda ile hadithi ya mayai. Watu wakianza kuisimulia na kucheka, alitoka kwenda kutazama kuku."

"Waliomweka nje walikuwa watu wabaya?"

"Walikuwa watu wa kawaida waliochoka. Mama yake alilia hadi alipozeeka. Kijiji kizima kilijua wanachokwenda kufanya. Polisi walipokuja, kila mtu alikuwa amesikia tu, hakuna aliyeona." Kisha akanitazama. "Mbona unauliza?"

"Kwa ajili ya kadi."

"Kadi," alisema, na akanisukumia sahani ya biskuti.

Alhamisi, 25 Desemba

Ibada tangu asubuhi. Myriam aliachwa nyumbani na mlango umefungwa kwa nje.

Jumamosi, 3 Januari 2004

Barua ya Home Office ilifika. Wamemkatalia tantine ombi lake la kubaki nchini, na ana siku chache za kukata rufaa. Aliisoma akiwa ameketi kwenye ngazi, halafu akanipa niisome tena, kana kwamba Kiingereza changu kingetoa jibu lingine.

Nilikaa naye pale kwenye ngazi. Alikuwa anatetemeka. Nilipofika uwanja wa ndege, miaka minne iliyopita, nilikuwa na sweta moja jembamba, na huyu mwanamke alivua koti lake akanivalisha, akarudi kwenye basi akiwa na blauzi. Wiki nzima aliumwa. Siwezi kumwandika kama mtu mbaya. Nimejaribu na haikai.

Alisema, "Kila mlango, Armelle. Kila mlango." Kisha akatazama juu, kwenye chumba cha mtoto.

Jumanne, 6 Januari

Theluji kidogo, ikayeyuka. Myriam amerudi shule.

Alhamisi, 8 Januari

Leo jioni Myriam alikuwa anaosha mikono bafuni akiwa amekunja mkono mmoja tu wa sweta. Nikamkunjia wa pili. Kuna alama ya kuungua juu ya kiwiko, ya mviringo mrefu, yenye umbo la mgongo wa kijiko. Hakulia. Alisema kwa Kiingereza kwamba hiyo ilikuwa ya majaribio.

Nilimuuliza nani alimwambia hivyo.

"Pasta. Alisema nikinyamaza, mimi ni yule mwingine. Nikapiga kelele. Halafu akasema yule mwingine ndiye anapiga kelele."

Tantine aliniita chini. Alikuwa anachambua maharage, na sauti yake ilikuwa ya kawaida. Jumapili baada ya ibada, alisema, Pasta atakuja na kina mama wawili, wamalize kazi. Watahitaji mtu wa kumshika mtoto miguu.

"Wewe utasaidia. Wewe ndiyo unajua vile bazungu bafanyaga."

Nilisema, "Ndiyo, tantine." Nikamsaidia kumalizia maharage. Vidole vyangu vilifanya kazi vizuri kabisa. Niko chumbani sasa na sijui kama nitaweza kesho. Ninamwogopa Pasta. Ninaogopa bahasha za kahawia za Home Office. Ninaogopa kuwa mtu ambaye ukoo mzima, hapa na Bukavu na Nairobi, utamtaja kwa jambo moja tu.

Ijumaa, 9 Januari

Nimepiga simu.

Nilifika ofisini mapema. Nilikuwa nimejiambia nitapiga kutoka kibanda cha simu barabarani, bila jina. Nilikipita kibanda cha kwanza, halafu cha pili. Ofisini Douglas alikuwa ameshafika, anahangaika na kinasa sauti. Nilimwomba ruhusa ya kutumia simu kwa jambo la binafsi, na aliponiuliza kama ni la hapa London au la nje, nikaanza kulia, jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

Nilimweleza kwa sentensi fupi. Hakunikatiza. Aliponielewa uso wake ulibadilika, kwa sababu alikumbuka kanda. "Tulicheka," alisema. Akanitafutia namba ya idara ya ustawi wa jamii ya halmashauri yetu, akatoka nje, akasimama mlangoni ili wazee wasiingie. Nilimsikia akimwambia mtu kwamba ofisi imefungwa, na Bi Attracta akimjibu kuwa yeye si mtu wa kufungiwa.

Mwanamke aliyepokea alikuwa na mafua. Aliuliza umri wa mtoto, shule, anwani. Aliuliza kama jeraha nililiona au niliambiwa. Nikasema nimeliona. Aliuliza nani wamo ndani ya nyumba, na nikamtaja tantine kwa jina lake lote.

Akasema naweza kuficha jina langu kama naogopa. Watakuja tu hata hivyo. Lakini kukiwa na mtu mzima wa nyumba ile aliyeona, na aliyesikia mpango wa Jumapili, wanaweza kwenda kwa hakimu leo leo kuomba amri ya kumchukua mtoto. Bila hivyo wangeanza kwa kutembelea nyumbani na kuzungumza na mlezi.

Nilijua tantine angewakaribisha vipi. Angewapa chai. Nyumba yetu ni safi sana.

Nilimuuliza kama watataka karatasi zangu. Akasema hilo si kazi ya idara yao. Sikujua kama nimwamini. Nikataja jina langu, herufi kwa herufi, kwa sababu hakulipata mara ya kwanza, na kila herufi ilikuwa nafasi ya kukata simu.

Walimchukua Myriam shuleni, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani.

Sikurudi Tottenham. Bi Attracta alikuwa amenisubiri kwenye benchi la mapokezi na koti lake limefungwa vifungo vyote. Hakuuliza kitu. Alisema ana kochi, linalia springi zake lakini halijaua mtu.

Jumapili, 11 Januari

Polisi walichukua maelezo yangu kwa muda mrefu. Afisa aliuliza hii habari ya kubadilishwa mtoto ilitoka wapi. Nikasema, kwangu. Aliinua kichwa. Nikaeleza yote, chakula cha Jumapili na ishara na maswali ya Pasta, na nikamwomba aandike kwamba kabla ya siku ile hakuna aliyekuwa amemgusa mtoto kwa moto. Aliandika.

Tantine na Pasta Magloire wamekamatwa, wakaachiwa kwa dhamana. Kuna ujumbe wa tantine kwenye simu yangu. Hakutukana. Alisema kwa sauti ya chini, "Nilikuvalisha koti yangu," kisha ikasikika televisheni kwa nyuma, kisha ikakatika.

Jumanne, 20 Januari

Nimepata chumba Stratford, kwa mama wa Kihindi aliyekulia Kisumu, Bi Champa. Sheria zake ni nyingi. Nilizifurahia zote.

Jumamosi, 24 Januari

Mama yule aliyenishika mikono kanisani alinikuta sokoni. Alivuka upande wa pili wa barabara. Mwanawe alikuwa naye, amevaa kofia ya sufu, anatembea vizuri. Nilitazama mikono ya yule mtoto hadi walipopotea. Jumatatu nitapiga tena simu kuhusu yeye. Nimeshazungumza na Douglas.

Jumamosi, 31 Januari

Kesho ni sikukuu ya mtakatifu wao Brigid, mwanzo wa majira ya kuchipua, ingawa nje hakuna kinachochipua. Bi Attracta amening'iniza kitambaa dirishani ili mtakatifu akibariki akipita usiku. Anasema kinaponya maumivu ya kichwa. Nilimuuliza kama anaamini. Akasema haamini hata kidogo, lakini kitambaa hakimchomi mtu.

Jumapili, 1 Februari

Nimeruhusiwa kumwona Myriam, saa moja, akiwepo mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Yuko Thamesmead, kwa mama mlezi Mganda. Nilibadilisha treni na basi, nikafika mapema, nikazunguka ziwa la pale hadi muda ulipofika.

Amekatwa nywele. Bandeji imetolewa. Alinionyesha chumba chake na samaki wawili ambao si wake lakini anawalisha yeye. Mfanyakazi aliketi kwenye kona na kujifanya anasoma. Tulicheza karata, akanishinda, akanituhumu kuwa nimemwachia, na ni kweli.

Katikati ya mchezo wa pili aliuliza, bila kuinua macho, kama ni mimi niliyesema.

Nikasema ni mimi.

Alipanga karata zake kwa rangi, nyekundu kwanza. Akauliza mbona nilichelewa.

Nilitafuta la kusema kuhusu kibali, na tantine, na koti, na jinsi mambo yalivyokuwa magumu. Nikaishia kumwambia kwamba niliogopa.

Akafikiri. Akasema hata yeye aliogopa, lakini yeye ana miaka minane. Kisha akaniambia ni zamu yangu.